Zamu ya Alhamisi

Dodoma Mjini
11 Agosti 2002

Baba mpendwa,

Shikamoo. Na mama mfikishie shikamoo yake. Kifua chako kinaendeleaje na vumbi la mwezi huu? Mama ameanza kula? Siku niliyoondoka baada ya matanga alikuwa amebandika mlenda akauacha uungue, yeye amesimama mlangoni anaangalia njia. Mimi mwilini sina ugonjwa.

Baba, tangu tumzike Kefa nimekuwa nikijiuliza ni nini hasa kilichomuua kaka yangu. Najua jibu lako ni rungu la Ndahani, yule mfugaji wa juu. Lakini hata polisi walipomwachia Ndahani kwa sababu mashahidi hawakusema kitu kimoja, kuna jambo ambalo hakuna aliyelibishia. Siku ile wakulima wetu wa chini walikwenda kwenye mashine ya maji wakiamini ni zamu yao, na wafugaji wa juu wakateremsha ng'ombe wakiamini ni yao. Serikali ilipotukabidhi mashine tuiendeshe wenyewe, haikutuachia utaratibu. Kila kijiji kina kalenda yake kichwani.

Hapa kwenye mradi wa maji wamenipa kompyuta kuukuu iliyoletwa na wafadhili. Nimeiwekea Linux, programu za bure ambazo watu wa nchi nyingi wameziandika na kuziacha wazi ili anayejua arekebishe. Ndani yake kuna programu ya kuandikia maandishi, na ndani ya hiyo kuna kalenda. Haina picha wala mapambo. Chini ya kioo inaonekana miezi, nikisogea kwenye tarehe, juu yanafunguka maneno ya siku hiyo: nani ana zamu, nani ana ufunguo. Ni faili la maneno matupu, hata wewe ungelisoma. Mwenzangu Shaaban, mwenyeji wa Kolo, yuko ofisi yetu ndogo ya Kondoa, naye ana faili la watu wa juu. Asubuhi tunaunganisha kwa simu, kompyuta zinalinganisha. Pale tulipoandika tofauti, inatuwekea mistari yote miwili mpaka tukubaliane ubaki upi.

Wewe sasa ndiye mwenyekiti wa kamati ya maji. Naomba ukubali kalenda hii ibandikwe kwenye mlango wa kibanda cha mashine. Nakuomba kwa ajili ya watoto wa Kefa.

Mwanao,
Emiliana


Haneti
25 Agosti 2002

Emiliana binti yangu,

Marahaba. Kifua kipo vilevile. Mama yako anakula akilazimishwa na Anyesi, mke wa marehemu, ambaye yeye mwenyewe analazimishwa na mama yako. Ndivyo wanavyoishi.

Nimesoma barua yako nikaiweka, nikaisoma tena. Unauliza nini kilimuua Kefa. Nilimwosha mimi. Upande wa kushoto wa kichwa ulikuwa laini kama papai lililoanguka. Niliushika kwa kiganja ili usibonyee wakati wa kumgeuza. Kalenda haifanyi hivyo, mwanangu.

Brighton, rafiki yake aliyembeba kutoka kwenye mashine, anakuja hapa kila jioni. Anakaa mpaka giza liingie, anaondoka. Vijana wengine nao wanakuja. Wananitazama mimi niseme neno.

Lakini nimewaendesha watu kwenye lori la ushirika maisha yangu yote mpaka ushirika ulipokufa, na najua gari haliendi kwa hasira. Lete hiyo kalenda yako. Tutaibandika.

Baba yako,
Bartolomayo


Dodoma Mjini
22 Septemba 2002

Baba mpendwa,

Shikamoo baba. Shikamoo mama. Anyesi hajambo? Watoto wanakwenda shule? Hapa upepo umeng'oa bati za jirani, lakini sisi tu wazima.

Baba, inafanya kazi! Nilikuwa na hofu nilipokuja na Shaaban kubandika kalenda, nikaona vijana wako wamesimama na fimbo upande mmoja na wa juu wamesimama na mikuki upande mwingine. Ulipopiga nyundo msumari wa kwanza wewe mwenyewe, nilitaka kulia. Tangu siku hiyo Shaaban hajaletewa lalamiko hata moja.

Kuna jambo nililolifanya ambalo sikukwambia uso kwa uso. Watu wa juu wana wakuu wa zamu, na mmoja wao ni Ndahani. Walisema tukimwondoa yeye, wanajiondoa wote. Nikaandika jina lake. Kwanza niliinuka nikanywa maji, kisha nikarudi nikaandika. Kama ni kosa, nigombeze.

Mwanao,
Emiliana


Haneti
6 Oktoba 2002

Emiliana binti yangu,

Marahaba sana. Sote tunapumua. Mama yako jana alicheka, mtoto wa Kefa alipomvika mbuzi kofia yangu.

Sikugombezi. Umefanya kazi ya mtu mzima, na hata mchungaji ameitaja kanisani. Wanawake wanachota maji bila kutazama nyuma.

Ila mimi mwenyekiti nimebaki kipofu. Karatasi ya mlangoni inaonyesha zamu za vijiji tu. Hao wakuu wa zamu wa juu, nani anakuja siku gani, saa ngapi, na watu wangapi, unayo wewe na huyo Shaaban. Mashine ikiharibika siku yao nimuulize nani? Nichapie na hayo uyatume kwa konda wa basi la Kondoa. Na wakibadilishana siku, nijulishe mapema.

Baba yako,
Bartolomayo


Dodoma Mjini
20 Oktoba 2002

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mko kama nilivyowaacha katika barua yako, na mbuzi bado ana kofia.

Nimekuchapia kalenda nzima. Shaaban aliniuliza kwenye simu, "Mzee anataka majina ya nini?" Nikamjibu, "Ni mwenyekiti, atafanyaje kazi bila majina?" Akasema sawa, kama ni baba yako.

Kuna badiliko moja. Alhamisi ya mwisho wa mwezi ilikuwa zamu yetu, lakini watu wa juu wana harusi kubwa Ijumaa na wameomba wabadilishiwe. Mama Joha wa kamati yetu ya wanawake amekubali kuwaachia asubuhi. Wengi wao watakuwa kwenye maandalizi, kwa hiyo atakayekuja ni Ndahani na mdogo wake na mkewe, kunywesha ng'ombe wao na wa bwana harusi. Hatujabandika mlangoni, maana ni ya mara moja tu. Tunaijua mimi, Shaaban na wewe. Mama Joha nimemwambia siku, sijamtajia watu.

Najua jina hilo likikaribia mashine unaumia. Siku hiyo kaa nyumbani, baba.

Mwanao,
Emiliana


Dodoma Mjini
3 Novemba 2002

Baba,

Shikamoo. Mko wazima? Nijibu hilo kwanza, hata kama hutajibu mengine. Mama yuko wapi? Anyesi na watoto wako wapi?

Nimesikia redioni, halafu Shaaban akanipigia analia. Wanasema Ndahani alikutwa ndani ya birika la kunyweshea, uso chini, maji yote yamekuwa mekundu na ng'ombe wamegoma kunywa. Mdogo wake alikatwa miguu akikimbia, kisha akamaliziwa. Elieth, mke wa Ndahani, alikutwa kwenye mlango wa kibanda amekumbatia kufuli. Ng'ombe wamekatwa mishipa ya miguu, wakaachwa wakilia mpaka mchana.

Nilikaa siku nzima nikijiambia ni majambazi. Majambazi wangeondoka na ng'ombe.

Baba, Alhamisi haikuwa zamu ya watu wa juu. Aliyewangojea pale asubuhi alijua siku imebadilishwa, na alijua watakuja watatu tu. Nami nilikuandikia ni nani wanaolijua hilo.

Niambie mimi ni mjinga. Niambie nimekosa adabu kwa kuwaza hivi.

Mwanao,
Emiliana


Haneti
8 Novemba 2002

Emiliana,

Marahaba. Mama yako ni mzima. Watu wa juu waliteremka Jumamosi mchana na viberiti. Wamechoma nyumba za upande wa mtoni, na yetu, na ghala lote la uwele. Mama yako alitoka na kanga aliyokuwa amejifunga. Mzee Luka, jirani yetu, alirudi ndani kumfungulia mbuzi wake na paa likamwangukia. Tunalala shuleni.

Wewe si mjinga. Ni mimi.

Tulikuwa nyuma ya kibanda, mimi na Brighton na vijana wengine ambao majina yao hutayasikia kwangu. Ndahani alikuja mbele anapiga mluzi. Aliponiona alisimama, akaniamkia. Ndiyo, aliniamkia: "Shikamoo mzee." Nikamwambia, "Hiyo shikamoo ungempa Kefa." Akasema, "Mzee, siku ile tulikuwa wengi, na mimi..." Sikumwacha amalize. Nilimpiga na kipande cha chuma cha jeki, kile cha lori. Akaanguka kwenye birika, nami nikaingia humo nikaweka goti mgongoni. Mikono yake ilikuwa inapapasa ukingo kama mtu anayetafuta miwani. Halafu ikaacha.

Mdogo wake walimmaliza vijana.

Mwanamke hatukumpanga. Nilikuwa nimesema asiguswe. Alikimbilia kibandani ajifungie, funguo zikamwanguka, Brighton akamkuta anazitafuta. Nilipiga kelele. Nilichelewa, au kelele zilikuwa ndogo. Uso wake unanijia hata nikiwa natazama watu wengine, lakini uso wa Ndahani haujanijia hata mara moja.

Sasa sikiliza. Polisi wameanza kuulizia hiyo kalenda. Ile karatasi uliyonitumia imeungua na nyumba. Umebaki mstari wa Alhamisi kwenye kompyuta yako. Ufute. Ukiulizwa, sema zamu ilikuwa yetu, watu wa juu walikuja kwa ubishi kama mwaka wote, pakatokea vita. Vita ya zamu haimnyongi mtu.

Nimemlea mtoto mmoja amekufa. Nakuomba.

Baba yako,
Bartolomayo


Dodoma Mjini
14 Novemba 2002

Baba,

Shikamoo. Nimefurahi kwamba mama ni mzima. Mzee Luka nimemlilia peke yake, maana wengine sikujua nianze na nani.

Niliufuta mstari, baba. Sitakuficha. Nilifungua faili, nikaenda kwenye Alhamisi, nikafuta jina la Ndahani na la mdogo wake na la Elieth, nikaandika "zamu ya wa chini" kama ulivyotaka. Ilikuwa kazi ndogo kuliko kusonga ugali. Nikarudi nyumbani nikalala.

Kumbe siku hiyohiyo watu wa juu walikwenda Kondoa, chumbani kwa Shaaban. Walisema yeye ndiye aliyewaandika siku na idadi, kwa hiyo yeye ndiye aliyewauza. Walimtoa nje wakamkata kwa mapanga mabegani na kichwani. Alipoinua mkono kujikinga, vidole vikaenda. Yuko hospitali. Amefungwa pingu kwenye kitanda, maana polisi nao wanasema ni yeye aliyetoa siri. Nilikwenda kumwona. Hawezi kusema vizuri, taya limefungwa. Aliandika kwa mkono uliobaki: "Mwambie baba yako aseme." Alishajua. Hakuwa amemwambia askari hata mmoja jina lako, kwa sababu yangu.

Nikarudi ofisini. Msaidizi wake wa Kondoa akaunganisha simu kama kawaida, na kompyuta zikalinganisha mafaili. Programu ikasimama. Ikaniwekea mistari yote miwili ya Alhamisi, wa Shaaban wenye majina, na wangu, ikingoja nichague ubaki upi. Shaaban hakuwa amegusa wake. Nilikaa pale nikaitazama, na mhasibu alipita akaniuliza, "Umekwama?" Nikamwambia ndiyo.

Nimechagua wa kwake. Halafu nimekwenda polisi na barua zako.

Watakuja Haneti keshokutwa. Nimetaka ujue kabla, na barua hii nampa konda mwenyewe. Sikuandikii ukimbie. Nakuandikia uwapeleke mama na Anyesi na watoto kwa mjomba, Chamwino, kabla watu wa juu hawajasikia, na uwangojee askari ukiwa umekaa, bila kitu mkononi, wasije wakakupiga risasi.

Mimi nitakuwa kwenye gari lao.

Mwanao,
Emiliana


Wodini, Dodoma
1 Desemba 2002

Emiliana,

Marahaba. Anayeandika ni muuguzi Cecilia, mimi nasema tu, maana mikono yote imefungwa bandeji. Askari yuko mlangoni. Amesema niseme nitakalo.

Ulipofika na gari la polisi hukunikuta shuleni, na najua ulidhani nimekimbia. Nataka usikie kwangu kabla ya kusikia mahakamani.

Barua yako niliipata mchana. Mama yako na Anyesi na watoto niliwapandisha kwenye trekta la misheni, wakaenda Chamwino. Halafu nikawaita vijana, nikawasomea barua yote, neno kwa neno. Nikawaambia, "Mimi nakaa hapa nawangoja. Anayetaka kukaa na mimi akae." Wengine walilia. Wawili waliondoka wakielekea porini na sijui walipo.

Brighton alisema, "Mzee, bila huyo binti hakuna kesi. Karatasi haziongei."

Nikamuuliza, "Unamaanisha nini?"

"Basi la Dodoma linapita sasa hivi. Ofisi yake naijua. Kabla askari hawajatoka mjini nitakuwa nimeshafika."

Nilidhani ni maneno. Akachukua panga, akalifunga kwenye gazeti, akatoka. Nilimfuata mpaka kituoni. Nilimwambia, "Brighton, wewe ulimbeba mwanangu." Akasema, "Ndiyo, na huyu ndiye aliyemuuza." Nikamshika shati. Basi lilikuwa limeshasimama, utingo anapiga bodi, watu wanapanda na kuku zao. Akanikata mkono ili nimwachie, nikamshika kwa wa pili, akaukata na huo. Watu wakakimbia. Tukaanguka wote chini ya basi, mimi juu. Sikuwa na chuma wala fimbo. Nilitumia uzito wangu, na kiwiko nikakikandamiza kooni mwake, nikamtazama machoni mpaka mwisho, kijana aliyekuwa akila kwangu.

Hakupanda basi.

Cecilia anauliza kama tupumzike. Nimemwambia amalize. Shaaban nasikia amefunguliwa pingu. Nimeshasema kwa askari kila kitu, pamoja na Elieth. Wewe ukiitwa mahakamani, sema vilevile ulivyoandika. Usinipunguzie.

Baba yako,
Bartolomayo


Dodoma Mjini
13 Machi 2005

Baba,

Shikamoo. Sijui niulize vipi afya ya mtu aliyehukumiwa kunyongwa, lakini nauliza: unaendeleaje? Mikono inakunja? Mama yuko kwangu. Anapika mlenda, na siku hizi hauungui. Anyesi ameolewa Kolo. Watoto wa Kefa tunakaa nao sisi.

Shaaban alikuja kazini mwezi uliopita. Anaandika kwa mkono wa kushoto, polepole. Mashine ya maji serikali iliifunga, kisha ikaifungua, na sasa kuna askari mgambo anakaa pale na vijiji vyote viwili vinamchukia. Kalenda tunaendelea nayo, ila majina ya watu hatuandiki tena.

Nilipokuwa kizimbani nikisoma barua zako kwa sauti, ulinitazama muda wote. Sikuweza kujua ulikuwa unatazama nini. Jaji alipotamka neno lile, mama wa Elieth alipiga kigelegele, na mama yetu akakaa chini sakafuni. Wewe uliinamisha kichwa kama mtu anayeamkiwa.

Baba, umeua mtu ili mimi nisifike kwenye jeneza. Na umeua watu kwa maneno niliyokuandikia mimi. Nimejaribu kukushukuru nikashindwa, nimejaribu kukuchukia nikashindwa. Sijaja gerezani kwa sababu nilidhani hutaki kuuona uso wangu. Mama kila Jumapili anavaa, anachukua kikapu, anakaa kitandani akingoja niseme twende.

Nijibu hata kwa mstari mmoja. Tuje, au tusije?

Mwanao,
Emiliana


Gerezani
2 Aprili 2005

Emiliana,

Marahaba, mwanangu.

Mikono inakunja, ila kidole gumba cha kulia hakisikii kitu, ndiyo maana mwandiko uko hivi. Kifua kimepona humu ndani, hakuna vumbi.

Kukusamehe sijaweza. Nimejaribu kwa sala na bila sala. Pale mahakamani nilikuwa nakutazama kwa sababu nilikuwa sijakuona miaka miwili, na nilijua ukimaliza kusoma watanitoa.

Mama yako mwambie asubiri kwanza. Asinione na nguo hizi.

Wewe njoo.

Baba yako